Kitasa cha Sanduku la Jiwe

Jumatatu, 5 Juni

Ngulyati. Mizani nne. Tatu sawa, moja nimeikataa. Mwenye nayo kanuna. Anune tu.

Kitasa cha sanduku kimekataa tena. Nimezungusha ufunguo mara sita huku watu wananitazama. Kabla ya mara ya saba nikalipiga sanduku teke. Kikafunguka. Kidole gumba cha mguu kimevimba. Mtu mzima hovyo.

Ni vumbi la njia hizi. Linaingia mpaka kwenye meno, sembuse kitasani. Na sanduku lenyewe limechomelewa nyuma ya kiti cha pikipiki, vumbi lote la gurudumu ni lake. Ndani mna jiwe la chuma la kilo ishirini, koleo na mihuri ya risasi, basi. Lakini jiwe hilo ndilo linalosema mizani ipi ni ya kweli. Ufunguo ni mmoja na nimeuvaa shingoni. Enzi za ushirika kila kijiji kilikuwa na mizani moja, na mimi nilikuwa karani wake miaka kumi na mmoja mpaka tukapunguzwa kazi. Sasa ni soko huria. Kila mnunuzi anakuja na mizani yake anaitundika mtini, na mkulima hajui amwamini nani. Anaamini jiwe langu. Wilaya ilinichukua kwa kazi hiyo tu.

Najiandikia mambo ninayoyajua. Ni hasira.

Jumanne, 6 Juni

Nimepata dawa. Mafuta ya pamba, haya haya ya kupikia, na unyoya wa kuku. Nimechovya, nimeingiza kwenye tundu, nimezungusha. Laini kabisa. Huku kwetu mafuta ya pamba tunapaka kila kitu, mnyororo wa baiskeli, bawaba za mlango, miguu ya watoto. Kwa nini nilihangaika wiki mbili zote?

Nimepita Sapiwi kwa mama. Ana roba sita za pamba uani, nyeupe, hazina hata jani moja. Amechambua mwenyewe kwa mikono. Anajisifu kwa kila anayepita njia. Ana haki.

Alhamisi, 8 Juni

Kimeanza tena. Kigumu kuliko mwanzo. Nimeongeza mafuta.

Ijumaa, 9 Juni

Nimeongeza mafuta.

Jumamosi, 10 Juni

Aibu. Dutwa, uwanja umejaa watu, pamba yao juani, wanunuzi watatu wananingoja niwapimie mizani waanze kazi. Ufunguo ukaingia nusu ukagoma. Hauendi, hautoki. Jiwe limo ndani, mimi niko nje. Nimesukuma, nimevuta, nimetukana kimoyomoyo, halafu si kimoyomoyo tena. Mzee mmoja akauliza kwa Kisukuma kama serikali imejifungia nje ya nyumba yake. Uwanja mzima ukacheka. Na mimi ningecheka kama aliyefungiwa angekuwa mtu mwingine.

Nimeahirisha. Watu wamerudi na pamba yao, wengine kwa punda, wengine kichwani. Hakuna aliyeniaga.

Jumapili, 11 Juni

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nafungua kitasa kichwani mwangu.

Jumatatu, 12 Juni

Kwa Lubinza, fundi wa baiskeli na redio na chochote kile, pale karibu na stendi. Kang'oa kitasa kizima, kachomoa ufunguo kwa koleo, kisha kakinusa. Kakinusa!

"Mama Mizani, hiki ni kitasa au kitumbua?"

Anasema mafuta ya pamba hayakai majimaji. Yanakauka yanakuwa gundi, na vumbi ndiyo unga wake. Nimejiona mjinga. Nimemwambia nataka kifunguke, leo, hadithi baadaye.

Nilipaswa kukaa pale nimwangalie akifanya. Sikuweza. Tangu msimu ufunguliwe siwezi kukaa kitako dakika tano. Nimekwenda kunywa chai, nimekwenda posta bila barua, nimerudi kwenye chai. Nilipomfikia tena kitasa kilisharudi mahali pake. Ufunguo unazunguka kwa kidole kimoja. Nilimshukuru mara tatu.

Jumanne, 13 Juni

Kimefunguka kwa jaribio la kwanza.

Jumatano, 14 Juni

Jaribio la kwanza tena. Nimemsifia Lubinza kwa kila niliyekutana naye, mpaka kwa muuza muhogo.

Alhamisi, 15 Juni

Dutwa tena. Nimewapimia mizani zao zote, hakuna aliyecheka. Safi.

Mchana nilikuwa kwa Shija. Tulikuwa naye ushirika, makarani wote wawili, tukapunguzwa siku moja na kulia siku moja. Sasa ni karani mkuu wa kampuni moja ya wanunuzi wapya, wananunua mpaka Sapiwi, ana ghala la mabati na kalamu mbili mfukoni. Akasema pikipiki isikae juani, akaisukuma mwenyewe mpaka ghalani. Mkewe katupa michembe, viazi vile vya kukausha, na karanga. Anajua kusimulia yule mama, nimecheka mpaka machozi. Shija alitoka mara mbili kuwaangalia wapakiaji wake. Nilisahau kwa saa nzima kwamba nina kazi. Ni raha kukaa na mtu anayeijua mizani kama mimi.

Ijumaa, 16 Juni

Sapiwi. Mizani tatu, na ajabu, zote tatu zinazidisha. Ninaliweka jiwe la ishirini, mshale unasoma ishirini na moja. Mnunuzi anayejipunja mwenyewe! Sijawahi kuona. Karani mmoja akalalamika eti mizani yake ilikuwa sawa wiki nzima. Nikamwambia jiwe halijui wiki. Watu wakanipigia makofi. Nikazungusha skrubu kwa mkono wangu, zote tatu, nikapiga mihuri.

Jiwe leo limenichosha. Mgongo. Umri huo unabisha hodi.

Mama kauza roba zake zote. Hakufurahi. Anasema aliponyanyua alihisi zaidi. Kasema pamba ya mwaka huu nyepesi, labda mvua ilichelewa. Nikamwambia ndiyo, labda mvua.

Jumapili, 18 Juni

Nimetoka kanisani, nataka koleo langu. Nikaingiza ufunguo, nikafungua sanduku, nikatoa koleo. Ndipo nikaona ufunguo wangu bado uko shingoni.

Nilioushika mkononi ni wa kabati la vyombo.

Nikafunga, nikajaribu tena. Ukafungua. Ufunguo wa sanduku la nguo ukafungua. Bisibisi ikafungua. Mpini wa kijiko cha chai ukafungua! Nimekaa chini uani kwenye vumbi na gauni la kanisani. 

Wiki nzima sanduku langu lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kijiko.

Jumatatu, 19 Juni

Lubinza ana kopo la siagi lililojaa takataka. Katafuta humo, kaniwekea mkononi vibati vitano vidogo kama kucha. Hivyo ndivyo vinavyokaa ndani ya kitasa kuutambua ufunguo wake. Gundi ya mafuta iliving'ang'ania, akavitoa vyote.

Nimefoka. Nimemwita majina. Kanisikiliza mpaka nimemaliza, kisha kwa upole, "Mama, wewe ulisema unataka kifunguke. Hukusema unataka kifunge."

Ndivyo nilivyosema.

Nimemwachia kitasa. Jiwe nimelifunga kwenye kanga, nimelipeleka kwenye ghala la zamani la ushirika. Mlinzi, Mzee Maduhu, bado yupo, analinda popo. Pembeni ya mlango kuna jiwe letu la zamani la ishirini, lina kutu kidogo, hakuna aliyeligusa tangu tulipoondoka. Tumefunga kamba katikati ya mti mnyoofu, tumeuning'iniza kwenye boriti ukakaa sawa. Jiwe la ushirika huku, langu kule.

Langu likashuka.

Tukabadilisha pande. Likashuka tena. Mzee Maduhu akaniletea kisu. Nimelipindua jiwe, nimekwangua chini. Rangi nyeusi, mpya. Chini ya rangi, risasi. Mtu kachimba tumbo la jiwe langu kwa utulivu kabisa, au alikuja na jingine limeshatayarishwa. Sijui. Anajua kazi huyo. Anajua jiwe likiwa zito mizani sahihi itaonekana inazidisha, na mimi nitairudisha nyuma kwa mkono wangu na kuipiga muhuri wa serikali. Hakuhitaji kuiba kwa mkulima. Alinituma mimi.

Asubuhi ile ya Alhamisi mizani za Dutwa zilisoma sawasawa. Ijumaa Sapiwi zikazidi. Katikati kuna mchana mmoja tu, na ghala moja, la Shija.

Michembe yake imenikaa rohoni.

Jumanne, 20 Juni

Sikwenda kazini. Nimefagia uwanja mara mbili. Nimefua vilivyo safi.

Niandike ukweli basi, hapa hakuna anayesoma. Naweza kuikwangua risasi yote leo. Naweza kwenda Sapiwi kesho na jiwe safi, niseme ni ukaguzi wa kawaida, nizungushe skrubu tatu, nipige mihuri mipya, niondoke. Hakuna atakayejua. Mzee Maduhu hana maneno. Lubinza anaogopa kuharibu jina lake. Nitabaki Mama Mizani.

Na waliouza Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu, na wanaouza sasa hivi ninapoandika? Watasema mvua ilichelewa.

Nimewaza hivyo kutwa nzima na kutwa nzima wamepima kwa mihuri yangu. Ninajichukia. Sijala. Mara naona ni kosa la fundi, mara la Shija, mara la mafuta. Halafu nakumbuka makofi waliyonipigia.

Jioni nimeamua. Nimebadili mawazo. Nimeamua tena.

Jumatano, 21 Juni

Nimemaliza. Niandike yote kabla sijaanza kujipaka rangi.

Nimefika Sapiwi saa nne asubuhi. Jiwe langu kwenye kanga, jiwe la ushirika kwenye gunia, mti na kamba begani. Sikuikwangua risasi yote, niliacha waione. Nimemwomba mwenyekiti wa chama cha msingi asimamishe upimaji. Makarani wakapiga kelele. Wakulima nao wakapiga kelele, walidhani nimekuja kuchelewesha.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ikapotea. Nikatundika mti, nikafunga mawe, wakaona langu linashuka. Nikasema, "Mizani zenu zilikuwa sawa. Nimeziharibu mimi." Nikaeleza kitasa, mafuta, vibati, kijiko. Nikasema nimelala siku nzima jana na habari hii. Hilo sikulipanga, lilitoka.

Wanaume walizungumza wote kwa pamoja. Mmoja alitaka nishikwe na sungusungu, walinzi wa kijiji. Karani yule aliyelalamika Ijumaa alinitazama tu, na yeye ndiye aliyenichoma kuliko waliotukana. Kisha akasimama mama mmoja anaitwa Minza, mjane, amelima shamba lake lote kwa jembe la mkono na kuuza mchumo wa kwanza wote Jumamosi. Hakupaza sauti.

"Na huo ufunguo unaouvaa shingoni siku zote hizi, ulikuwa wa nini?"

Nimeuvua. Sikujua niuweke wapi. Nimeushika tu mkononi kama mpumbavu.

Nikarudisha skrubu tatu kwa jiwe la ushirika, mwenyekiti amesimama nyuma yangu anaangalia. Muhuri hawakutaka nipige. Wameziacha wazi na kuweka watu wao wawili kila mizani.

Nikapita kwa mama. Alikuwepo pale uwanjani, nyuma, nilimwona na sikuweza kumtazama. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akanipa maji. Akarudi kupembua choroko. Kisha akasema, "Kumbe pamba yangu haikuwa nyepesi."

Na akatabasamu. Jamani. Alifurahi. Mimi nimelia pale kwake kama mtoto, na yeye anaendelea na choroko zake.

Alhamisi, 22 Juni

Ofisini. Nimeandika maelezo kurasa nne. Jiwe limechukuliwa, litakwenda kupimwa kwenye mashine. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe. Bosi hakugomba. Angegomba ningejisikia nafuu.

Shija hayupo Dutwa. Wanasema alipanda lori la dagaa kwenda Lamadi jana, kabla ya jua kuzama. Mkewe yupo, mlango umefungwa. Polisi wanamtafuta. Nilitaka kwenda kumwona yule mama. Nimefika mpaka njia panda nikageuza pikipiki.

Jumamosi, 24 Juni

Nyumbani. Nimetembea mpaka sokoni na kurudi bila kununua kitu. Nimetembea tena. Watu wawili wamenisalimia, watatu wamejifanya wanatazama mbuzi.

Jumatatu, 26 Juni

Lubinza kaja mwenyewe na kitasa. Kaviosha vibati vyote kwa mafuta ya taa, viwili vilikuwa vimepinda akavinyoosha kwa koleo, amevirudisha kimoja kimoja kwa mpangilio wake. Kanilazimisha nilete funguo zote za nyumba hii na kila kijiko. Tumekaa uani tunajaribu kama watu wasio na akili. Hakuna uliofungua ila wangu.

Akanionyesha jinsi ya kukilainisha. Ponda risasi ya penseli iwe unga, puliza ndani. Kikavu. Hakishiki vumbi. Penseli! Nimekuwa nazo mbili mfukoni tangu darasa la kwanza.

Tumeombana radhi. Nilimtangulia.

Jumamosi, 1 Julai

Nimeitwa. Jiwe jipya limeletwa na kazi nimerudishiwa, kwa onyo la maandishi. Habari za waliopunjwa ziko wilayani na kampuni zinavutana, sijui zitaishia wapi. Nilidhani nitafurahi.

Halafu mwenyekiti wa Sapiwi kaja ofisini na ujumbe wa mkutano wa kijiji. Hawamkatai Mama Mizani, kasema. Wanamtaka arudi. Lakini sanduku lichomelewe komeo la pili, na kijiji kiweke kufuli yake, na ufunguo wa kufuli hiyo ukae kijijini. Kuanzia sasa nikifika na jiwe langu Sapiwi silitoi peke yangu, na nikitoka Sapiwi linafungwa mbele yao, na vijiji vingine navyo vimeshasikia, vinataka hivyo hivyo, vipokezane ufunguo kwa zamu na kwa maandishi. Jina la kwanza lililotajwa kushika ufunguo wa Sapiwi ni la mama yangu. Mkutano ulilikataa. Wamempa Minza.

Nimekasirika. Miaka kumi na mmoja! Nilitaka kumwambia mwenyekiti wajipimie kwa mikono yao basi. Nikasema nitapeleka pikipiki kwa mchomeleaji.

Jumapili, 2 Julai

Bado nimekasirika. Kidogo.

Jumatano, 5 Julai

Sapiwi, saa tatu asubuhi. Nimewaamkia, mwangaluka, wameitikia, si wote. Mizani tatu zinangoja. Nimefungua kitasa changu. Kufuli ya kijiji iko chini yake, nyeusi.

Minza hakuwepo. Alikuwa shambani anamalizia kuchuma. Wakamtuma mtu amwite. Mwenyekiti akaniletea kiti, nikasema hapana, nikakaa chini kwenye magunia na wenye pamba. Jua lilikuwa bado si kali. Hakuna aliyenisogelea, hakuna aliyehama. Tulingoja karibu saa nzima, na kwa mara ya kwanza msimu huu sikusimama hata mara moja.

Akaja, pamba kwenye nywele. Hakunisalimia. Akafungua kufuli, akafungua kifuniko, akainama. Akalilaza jiwe ubavu kwa mikono miwili, akapitisha kidole chini yake, taratibu, pande zote. Akakitazama kidole.

"Haya," akasema. "Litoe."

Nikalitoa.